Sweta, jaketi, koti la suti au shuka? Kuchagua nguo ya juu msimu wa kipupwe Arusha na Moshi

Juni ikiingia, wauza mitumba wa Kilombero hapa Arusha na wa Memorial kule Moshi hutoa makoti mbele na kurudisha magauni mepesi nyuma. Biashara yao wanaijua. Lakini kabla hujaenda kuinamia rundo, fungua kabati lako. Mtu aliyepitisha misimu miwili mitatu ya baridi huku kwetu tayari anavyo vya kutosha. Anachokosa ni uamuzi: kipi kivaliwe juu ya kipi, siku gani, kwa safari ipi.

Uamuzi huo unategemea aina ya baridi tuliyonayo, na hii yetu haikai kutwa. Kuanzia Juni hadi Agosti kusi inasukuma mawingu mazito hadi kwenye miteremko ya Meru. Alfajiri ni ukungu na manyunyu, na kipimo kinashuka hadi karibu nyuzi joto 12 au 13. Kisha siku nyingi mchana wingu linapasuka, jua linatoka, na kipimo kinafika 21 au 22. Jua likizama, baridi hiyo imerudi. Kwa hiyo koti unaloshukuru kuwa nalo saa moja asubuhi, saa nane mchana unalitafutia pa kuliweka. Hapo ndipo ninapoanzia kila nguo: saa nane mchana itakuwa wapi? Mkononi, mabegani, kwenye kiti cha ofisi, au bado mwilini?

La pili ni usafiri. Anayetoka Njiro kwa gari lake, anayebanana kwenye Hiace ya Ngaramtoni na anayepanda bodaboda kutoka Moshono hawapigwi na baridi ya namna moja, hata kama wote wanafika mjini saa mbili kasoro.

Sweta: la kupitisha kichwani au la vifungo

Wengi wetu tuna yote mawili. Kwa joto tupu, la kichwani linashinda, maana kifuani halina mwanya. Sasa lipime kwa saa nane mchana. Kulivua ofisini ni kazi: shati linachomoka, nywele zinavurugika, na aliyefunga mtandio au kilemba inabidi atafute kioo aanze upya. La vifungo unalifungua kimoja kimoja kadiri jua linavyopanda, baadaye unaliacha wazi, mwisho unalitupia mabegani, na muda wote huo bado umependeza. Mwanamke aliyejifunga mtandio au aliyevaa gauni la kitenge asihangaike na la kichwani siku za kazi. Aliache kwa Jumamosi ya mawingu ambayo hana ratiba ya kwenda popote.

Urefu nao una maneno. Sweta fupi, linaloishia kiunoni, linakaa vizuri juu ya gauni au sketi inayopita magoti, kwa sababu kiuno kinaonekana. Refu, la kufika mapajani, linataka suruali iliyobana kidogo au taiti na gauni jepesi. Ukilivaa juu ya sketi pana, umbo lote linapotea, unabaki kitambaa kinachotembea.

Kwa wanaume kuna mtego mmoja ambao mtu wa Dar hawezi kuuona. Sweta la shingo ya V, la bluu iliyoiva, la kijani au la damu ya mzee, juu ya shati jeupe na tai: hiyo ni sare ya sekondari. Konda atakutoza nauli ya mwanafunzi, utani wake uwe halali. Sweta lilelile linabadilika kabisa ukiliwekea shati la mistari au la kitenge, ukaacha tai nyumbani. La shingo ya duara halina shida hii, na ndiyo sababu ningelichagua kwanza ofisini.

Halafu kuna uzi wenyewe. Sweta la sufu na la akriliki yanaweza kufanana yakunjwapo kabatini, ila kazi zao ni tofauti. Nyuzi za sufu zimejikunja kiasili, zinashika hewa nyingi kati yake, na hewa hiyo iliyotulia ndiyo inayokupa joto. Sufu pia hufyonza unyevu mwingi, hata kufikia kama asilimia 30 ya uzito wake, kabla hujahisi kwamba umelowa. Kwa manyunyu yetu ya asubuhi hiyo ni faida kubwa. Akriliki ni nyepesi, haisumbui kufua, lakini inaota vidonge kwenye makwapa na kiunoni na inachakaa sura mapema. Kama sweta lako lilitoka mtumbani, angalia lebo ya ndani: Wool, Laine, Lana au Wolle, zote ni sufu. Lebo ikiwa imekatwa, chomoa uzi mfupi kwenye mshono wa ndani uuchome. Sufu inanuka nywele zilizoungua na kuacha jivu linalopukutika ukilisugua. Akriliki inayeyuka na kuacha tone gumu.

Sufu usiifue kwa maji ya moto wala usiisugue kwa nguvu, itajikaza hadi imfae mtoto. Maji baridi, sabuni kidogo, kisha ilaze juu ya taulo, usiianike kwenye kamba. Vidonge vya akriliki vinanyolewa kwa wembe wa kunyolea ndevu ukiupitisha polepole, na sweta linarudi kuonekana la ofisini.

Aina zote mbili zina udhaifu mmoja: zimefumwa kwa matundu. Upepo unapita.

Jaketi: hapa bodaboda ndiyo inayoamua

Mwili hupasha moto hewa iliyokaa kati ya ngozi na nguo. Upepo ukipenya unaipeperusha, na mwili unaanza upya. Ndiyo maana abiria wa bodaboda mwenye sweta nene anafika mjini akitetemeka, na aliyevaa sweta jembamba ndani ya jaketi la ngozi anafika akiwa mzima.

Jaketi la ngozi, hata ngozi bandia, linazuia upepo kabisa. Lenyewe, kama bitana yake ni nyembamba, halina joto la kujivunia. Linahitaji kitu ndani. Jinzi imefumwa kwa kubana, kwa hiyo inazuia upepo kuliko sweta ingawa haifikii ngozi, na ina shida moja isiyosameheka: ikilowa inakaa na maji hadi jioni. Siku ya ukungu mkavu, jaketi la jinzi. Siku ya manyunyu, ngozi. Kwa mtindo, jinzi inasamehe mengi zaidi. Inapatana na gauni, sketi ya kitenge, suruali ya kaki, hata kanzu kwa kijana asiyeogopa kuangaliwa. Kitu kimoja tu ninachokwepa ni jaketi la jinzi na suruali ya jinzi za bluu zinazokaribiana bila kulingana. Ama ziwe rangi moja kabisa, ama moja iwe nyeusi.

Lile jaketi la kujazwa, lililoshonwa mistari na kuvimba, ndilo lenye joto kuliko yote kabatini. Na ndilo ninaloliona likiteseka zaidi mchana, limening'inizwa mkononi mwa mtu anayetokwa jasho pale Mnara wa Saa. Halikunjiki, halitundikiki mabegani, na kwenye daladala linachukua nafasi ya abiria mwingine. Kama unalo lisilo na mikono, hilo ni jambo jingine: kifua kinapata joto, mikono iko huru, na linaingia chini ya koti la kawaida bila kukufanya pipa. La mikono lifae kwa safari za alfajiri, kwa walinzi, kwa madereva wa mabasi ya kwanza, na kwa anayekaa juu kabisa huko Olmotonyi.

Bado kuna flisi, yale majaketi laini ya poliesta yenye manyoya mafupi. Mkoa huu na wa jirani yamejaa kwa sababu ya mlima. Waongoza wageni wa Kilimanjaro huwafundisha watalii kuvaa tabaka tatu: ya kwanza ya kupitisha jasho, ya kati ya kushika joto, ya nje ya kuzuia upepo na mvua. Flisi ni ile ya kati. Nyepesi, hukauka upesi, lakini upepo unapita kama kwenye sweta. Kule juu pia wanakataza pamba, kwa kuwa pamba iliyolowa hunyonya joto la mwili na haikauki. Sisi wa mjini tuna mapaa na majiko ya kurudia jioni, kwa hiyo pamba yetu tuendelee nayo, ila mpangilio wa tabaka tatu tuuchukue kama ulivyo. Shida ya flisi ni sura. Ikiwa na nembo ya kampuni ya utalii kifuani, popote utakapokwenda utaulizwa unapandisha wageni lini. Isiyo na nembo, ya rangi moja, ukiifunga zipu hadi juu na kuivalia suruali nyeusi, inapita kwa ofisi nyingi zisizo za benki.

Machalii wa Chuga, yaani vijana wa Arusha, tukiri, walimaliza somo hili zamani. Mzula (ile kofia ya kufumwa), jaketi kubwa, buti, suruali pana au iliyobana lakini kamwe si ya katikati. Wanaochekwa na watu wa Dar kwa "kuvaa kama wako Ulaya" ndio wanaofika kazini wakiwa na joto.

Koti la suti, ambalo watu wanalionea

Kama ningeruhusiwa kitu kimoja tu kutoka kabati la mtu mwingine, ningechukua koti la suti. Watu wanalo, limetundikwa kwenye mfuko wa plastiki likisubiri harusi, na Julai yote linakaa gizani wakati mwenyewe anatetemeka na kisweta. Angalia linachotoa. Kitambaa cha suti mara nyingi ni mchanganyiko wa sufu na poliesta uliofumwa kwa kubana, kwa hiyo upepo haupiti kirahisi. Bitana yake inateleza, kwa hiyo linavalika juu ya mikono mirefu bila kukunjamana. Na saa nane mchana lina mahali pake pa heshima, mgongoni mwa kiti, ambapo hakuna atakayesema umezagaza nguo.

Likilinganishwa na sweta kwa usaili, mkutano au kwenda kuomba mkopo, halina mpinzani. Kwa Jumamosi pia linafaa kuliko watu wanavyodhani: juu ya hudi ya kijivu kofia ikiwa nje, juu ya sweta jembamba la shingo ndefu, au juu ya shati la kitenge lililoachwa wazi na fulana nyeupe ndani. Huo wa mwisho ndio ninaoupenda kwa wanaume, kwa sababu kitenge kinachungulia kwenye kola na kifuani, kinatosha kusema kitu, halafu koti linakituliza.

Masharti yapo. Vaa sweta unalotaka kuweka ndani, vaa koti juu, kisha kumbatia hewa mbele yako. Mgongo ukivuta, sweta ni nene mno, tafuta jembamba. Mabega yakining'inia nje ya mabega yako, fundi cherehani hawezi kukusaidia kwa bei nafuu, maana bega la koti ni kazi kubwa na mara nyingi linaharibika. Mikono mirefu atafupisha, kiuno atapunguza, vifungo atabadilisha. Akina dada wanaovaa koti la kaka au la mume walizingatie hilo: kubwa la makusudi linapendeza juu ya gauni refu, lakini mikono ikunjwe au ifupishwe vidole vionekane.

Koti la suti ya mng'aro au lenye mistari myembamba usilitenganishe na suruali yake, litaonekana kama suruali imeibwa kambani. La rangi moja lisilong'aa linatenganishika. Na ukishaanza kulivaa peke yake, suruali ifuliwe nayo kila mara, la sivyo baada ya muda koti litakuwa limepauka na suruali bado nyeusi, na suti imeisha.

Mvua ya kweli si rafiki yake. Manyunyu unayakung'uta mlangoni.

Shuka, skafu, mtandio

Shuka la Kimasai lina sifa ambayo makoti hayana: ni nguo ya juu, ni blanketi la magotini kwenye gari, ni mto wa safari ya Babati, na saa nane mchana linakunjwa na kuingia kwenye mkoba. Yapo ya pamba, membamba, na yapo mazito ya akriliki yanayokaribia blanketi. Jembamba linafaa shingoni likizungushwa mara mbili. Zito linafaa mabegani, likikunjwa pembetatu, ncha zikaanguka mbele, na mkanda wa ngozi ukapita juu yake kiunoni kama unataka lisiteleze na bado uonekane una umbo.

Nyekundu ile yenye miraba inataka kuonekana peke yake. Vyote vingine viwe vya rangi moja: nyeusi, kijivu, kaki, bluu ya jinzi. Shuka juu ya gauni la kitenge ni vita, isipokuwa vinashirikiana rangi moja iliyo wazi. Na kwa kuwa wazee wa Monduli na Longido wanapita mjini kila siku wakiwa wamelivaa kama vazi lao, ukilivaa lifue, likae vizuri, lisiwe pambo la picha tu.

Kuhusu ofisi, mawazo yamegawanyika. Mimi nasema: shuka njiani na kwenye kiti, koti mbele ya mteja.

Skafu ni ndogo kuliko vyote hivi na inafanya kazi kubwa kuliko ukubwa wake. Joto la kifuani hupanda na kutokea kwenye kola. Ukifunga shingo umefunga mlango huo. Ile habari kwamba nusu ya joto la mwili hutokea kichwani haina msingi, kichwa ni karibu sehemu moja ya kumi ya ngozi yetu na hupoteza joto kwa kiasi hicho hicho. Mzula unasaidia kwa sababu masikio na uso huhisi baridi mapema kuliko mgongo. Kwa hiyo kati ya mzula na skafu, kama kabatini kuna kimoja tu, usione umepungukiwa. Aliyefunga mtandio mzito tayari amefunika kichwa, shingo na sehemu ya kifua kwa mkupuo mmoja, anaweza kuvaa sweta jembamba mno kuliko mwenzake.

Khanga nayo isidharauliwe. Inauzwa doti, moja ibaki nyumbani, nyingine ikunjwe kwa urefu iingie ndani ya kola ya koti. Maandishi yake yatakayojitokeza shingoni chagua mwenyewe, usije ukamwambia bosi jambo usilokusudia.

Nikiyaweka kando kwa kando, hivi ndivyo ninavyoyaona:

| Nguo ya juu | Bodaboda alfajiri | Saa nane mchana | Manyunyu | Mbele ya mteja |
|---|---|---|---|---|
| Sweta la vifungo, sufu | peke yake, hapana | mabegani | linavumilia | ndiyo |
| Sweta la kichwani | peke yake, hapana | kero | kama ni la sufu | shingo ya duara |
| Jaketi la ngozi | la kwanza | mkononi, zito | vizuri | inategemea kazi |
| Jaketi la jinzi | inafaa | mabegani au kiunoni | vibaya | Ijumaa |
| La kujazwa, lenye mikono | joto kuliko yote | mzigo | inategemea kitambaa cha nje | hapana |
| Koti la suti | na skafu, inafaa | kwenye kiti | unakung'uta | la kwanza |
| Shuka zito | linapeperuka, hatari kwenye gurudumu | kwenye mkoba | linakauka polepole | njiani tu |

Hilo la gurudumu si mzaha. Shuka, mtandio mrefu na khanga zichomekwe ndani ya jaketi kabla hujapanda pikipiki.

Kitenge: sweta juu yake au fulana ndani yake

Hapa ndipo mabishano mengi ya asubuhi mbele ya kioo yanapotokea. Una gauni la kitenge la mikono mifupi na nje ni ukungu. Njia ya kwanza ni kuweka sweta au koti juu. Ya pili ni kuvaa fulana nyeusi ya mikono mirefu ndani, ya shingo ndefu kama unayo, na kuacha gauni lionekane lote.

Ya pili inapendeza zaidi, sina shaka nayo. Mshono uliomlipa fundi unaonekana, na mikono myeusi inalifanya gauni la kiangazi lionekane limekusudiwa kwa baridi. Lakini fulana ya ndani huivui mchana. Jua likitoka, unakwenda nayo hadi jioni. Njia ya kwanza inaficha nusu ya gauni, ila inakupa uhuru. Kwa hiyo tazama mlima. Meru ikiwa imefunikwa hadi chini na wingu halina dalili ya kupasuka, vaa fulana ndani. Kileleni kukianza kuonekana mapema, sweta juu. Katika njia zote mbili kitenge ndicho msemaji wa siku hiyo, vilivyobaki vinyamaze: rangi moja, bila maua, bila maandishi.

Taiti nene chini ya sketi au gauni refu inaongeza joto bila mtu kujua. Chini ya gauni fupi inakuwa sehemu ya vazi, kwa hiyo iwe nyeusi tii au rangi ya viatu, na isiwe ile iliyopauka magotini. Singlendi chini ya shati la mwanamume inafanya kazi hiyo hiyo, na ni afadhali kuliko shati la pili ambalo kola zake zinagombana.

Arusha si Moshi

Watu wa mbali wanatuweka kapu moja. Arusha mjini tuko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Moshi mjini ni kati ya 800 na 900. Hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi joto 6.5 kila unapopanda mita 1,000, kwa hiyo tofauti ya miji hii miwili ni kama nyuzi tatu na ushei, na tatu hizo ndizo zinazoamua kati ya koti na kisweta. Mkazi wa Moshi mjini anaweza kupita Julai yote na sweta jembamba la vifungo asubuhi na skafu jioni. Jaketi la kujazwa pale ni la kubebea sifa.

Mambo yanageuka akipanda. Lango la Marangu liko juu ya mita 1,800, yaani karibu mita 1,000 juu ya stendi ya Moshi. Vijiji vya Marangu, Machame, Kibosho na Uru viko njiani kuelekea huko, na kila kilima unachopanda kinadai tabaka moja zaidi. Anayefanya kazi mjini na kulala Machame ana misimu miwili kwa siku moja. Huyo koti la suti halimtoshi jioni. Aweke flisi au kizibao cha kujazwa kwenye mkoba na kukivaa ndani ya koti lile lile akiwa kwenye Noah ya kurudi.

Msiba wa mchana, sherehe ya usiku

Mgeni kutoka Dar anayekuja kuzika mlimani mwezi wa saba huleta gauni jeusi jepesi na hana kingine. Mazishi yanakaa nje saa nyingi, chini ya migomba, kwenye unyevu. Kati ya kumkopesha koti na kumpa vitenge viwili, mpe vitenge: kimoja afunge kiunoni juu ya gauni, kingine ajitande mabegani. Ni vazi la msiba tayari, linazuia baridi ya kukaa kwenye kiti cha plastiki, na hakuna atakayeona amekopa. Mwanamume apewe sweta la kuweka ndani ya koti lake, mengine atajua mwenyewe.

Sherehe za jioni ni ngumu zaidi. Gauni la mabega wazi, ukumbi wenye mapazia pande tatu na upepo upande wa nne. Sweta linaua gauni, jaketi la jinzi linageuza sherehe kuwa tamasha. Ninachagua kati ya mtandio mzito wa rangi moja na koti jeusi lililotupiwa mabegani bila kuingiza mikono. Mtandio unashinda wakati wa kucheza na kupiga picha, koti linashinda kwenye meza na wakati wa kusubiri gari saa sita usiku. Aliye na mume au kaka amevaa suti ana vyote viwili na hajabeba chochote.

Miguuni

Viatu nimeviacha nyuma kwa sababu uamuzi wake ni mfupi. Tope letu la kipupwe halikauki pembeni mwa barabara hadi mchana. Buti za ngozi laini zinapanguswa kwa kitambaa chenye maji kidogo na kuingia ofisini. Ngozi ya manyoya inashika tope na hailiachii. Viatu vya wazi vyenye soksi ni vya uani, na hapo havina mpinzani. Raba nyeupe ziache hadi Septemba.